Jinsi kompyuta inavyolaza vifaa vyake ili kuokoa umeme

Na Mwandishi Wetu, Lindi

UMEME unapokatika katika kata ya Rasbura, Manispaa ya Lindi, kazi haisimami kwa watu wote kwa wakati mmoja. Mwenye duka la kuchapa na kudurufu nyaraka anayetumia kompyuta ya mezani husimama papo hapo, ilhali jirani yake mwenye kompyuta mpakato huendelea kwa saa kadhaa. Wakala wa kutuma na kupokea fedha naye huendelea kuhudumia wateja hadi chaji ya simu yake itakapokwisha.

Watu wengi huamini kwamba urefu wa muda huo hutegemea ukubwa wa betri peke yake. Ukweli ni kwamba mashine mbili zenye betri zinazolingana zinaweza kupishana kwa saa nzima au zaidi, kutegemea jinsi programu ya ndani kabisa ya mashine inavyosimamia vifaa ambavyo kwa dakika hiyo havina kazi.

Kazi hiyo huitwa usimamizi wa umeme wakati mashine ikiwa kazini. Mtumiaji haioni wala haiagizi. Hata hivyo, inapofanyika vibaya huisikia mara moja: betri huisha kabla ya wakati, modemu hupoteza mtandao, au printa hukataa kuitika.

Mikoa iliyozoea kuhesabu umeme

Kwa wakazi wa mikoa ya kusini, suala la kutumia umeme kwa hesabu si geni. Kwa miaka mingi Lindi na Mtwara zilikuwa nje ya gridi ya taifa, na miji yake ilitegemea jenereta za dizeli. Mwaka 2007 kituo kinachotumia gesi asilia ya Mnazi Bay, mkoani Mtwara, kilikuwa kimeanza kuihudumia mikoa hiyo miwili, na uwezo wake ulifikia megawati 18.

Wakati huo gesi ya Songo Songo, kisiwa kilichomo katika wilaya ya Kilwa mkoani Lindi, ilikuwa imekwisha kuanza kusafirishwa kwa bomba tangu mwaka 2004 kwenda kuzalisha umeme Ubungo, Dar es Salaam. Hata huko Dar es Salaam umeme haukutosha: migawo mikali ya mwaka 2006 na 2011 ingali inakumbukwa na kila mwenye saluni, mashine ya kusaga au duka la intaneti.

Aidha, mita za LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, ziliifanya kila familia ione uniti zikipungua kwa macho yake. Mtu akijua kwamba pasi na jiko vinakula uniti, huvizima. Lakini nani anayezima kipande cha kompyuta kinachopokea sauti wakati hakuna muziki unaopigwa? Mtumiaji hawezi, kwani hata swichi yake haipo. Ni lazima mashine ijizimie yenyewe.

Uzito wa jambo hili huonekana zaidi wakati wa dharura. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa katika pwani ya kusini, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika katika maeneo ya wilaya ya Kilwa. Katika siku za namna hiyo simu yenye chaji ndiyo njia ya kupata habari, kupokea fedha na kumjulisha ndugu kwamba watu ni salama.

Kerneli na draiva ni nini

Kompyuta au simu haiundwi na chombo kimoja. Ndani yake mna kichakato kikuu, kioo, kamera, kipaza sauti, redio ya mtandao, diski ya kuhifadhia kumbukumbu na milango ya USB. Kila kimoja kina mahitaji yake ya umeme na namna yake ya kuzungumza na mashine.

Programu inayoviunganisha vyote huitwa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Programu ambazo mtumiaji anaziona, kama ile ya kuandikia barua au kusomea gazeti hili, haziruhusiwi kugusa vifaa moja kwa moja. Hupeleka ombi kwa kerneli, nayo kerneli hulikabidhi kwa draiva ya kifaa kinachohusika.

Draiva ni programu ndogo inayokijua kifaa kimoja kwa undani. Draiva ya kamera hujua jinsi ya kuiwasha kamera, kuichukulia picha na kuizima. Kerneli haijui mambo hayo; inachojua ni nani wa kumwuliza. Kwa hiyo hakuna anayeweza kukilaza kifaa vizuri isipokuwa draiva yake, na hakuna anayeweza kupanga zamu za kulala kwa mashine nzima isipokuwa kerneli. Usimamizi wa umeme ni mapatano kati ya wawili hao.

Usingizi wa namna mbili

Usingizi unaojulikana na wengi ni ule wa mashine nzima. Mtu hufunga kifuniko cha kompyuta mpakato, kila kitu husimama, na akifungua hukuta kazi yake pale alipoiacha. Hapo mwenye mashine ndiye aliyeamua.

Usingizi wa pili ni wa kifaa kimoja kimoja, na hutokea mashine ikiwa macho. Mwanafunzi anaposoma ukurasa wa kitabu katika kompyuta, kamera haina kazi, kadi ya sauti haina kazi, na mlango wa USB usiochomekwa kitu hauna kazi. Kerneli yenye utaratibu mzuri huvilaza vyote hivyo huku mwanafunzi akiendelea kusoma, na kuviamsha pale tu vinapohitajika.

Kulala nako kuna ngazi. Ngazi ya kwanza ni kusimamisha mapigo ya saa ya ndani ambayo kifaa hufanyia kazi. Kifaa hutulia lakini hukumbuka kila kilichoagizwa. Ngazi ya ndani zaidi ni kukata umeme wake kabisa. Hapo akiba huwa kubwa, lakini kifaa husahau mipangilio yake yote, hivyo draiva lazima iinakili kabla ya kukilaza na kuirejesha baada ya kukiamsha.

Kanuni za ACPI, zilizotolewa mwaka 1996 na kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba, zilizipa ngazi hizo majina: D0 kwa kifaa kilicho kazini, hadi D3 kwa kifaa kilicholala usingizi mzito.

Kiasi kinachookolewa si cha kudharauliwa. Kwa kanuni za USB 2.0, kifaa kinachofanya kazi kinaweza kuruhusiwa kuvuta hadi miliampea 500, lakini kikilazwa hakitakiwi kuzidi miliampea 2.5. Hiyo ni tofauti ya mara 200 kati ya ukomo mmoja na mwingine.

Chukua mfano wa kompyuta mpakato yenye betri ya wati-saa 48. Ikitumia wati 12, itadumu saa nne. Iwapo kulaza vifaa visivyo na kazi kutapunguza matumizi hadi wati tisa, betri ileile itadumu saa tano na dakika 20. Kwa mwenye duka anayesubiri umeme urudi, dakika 80 hizo zinaweza kutosha kumaliza kazi za wateja waliokwisha kulipa.

Daftari la wageni

Kerneli hujuaje kwamba kifaa hakina kazi? Jibu ni kuhesabu, na utaratibu wake unafanana na ule wa nyumba ya wageni.

Mhudumu makini wa nyumba ya wageni huwa na daftari. Mgeni akiingia chumbani huandikwa, akitoka hufutwa. Chumba kikibaki na wageni sifuri, mhudumu huzima taa na feni. Taa ya korido haiguswi maadamu kuna chumba hata kimoja chenye mtu. Vyumba vyote vikiwa tupu, nayo huzimwa. Akija mgeni mpya, korido huwashwa kwanza, ndipo chumba.

Kerneli ya Linux hufanya vivyo hivyo. Kila kifaa kina hesabu ya watumiaji wake. Draiva inapotaka kukitumia huongeza moja. Inapomaliza hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, kerneli huiuliza draiva kama kifaa kinaweza kulala, na draiva ikikubali huamriwa kukilaza.

Kuhusu korido, vifaa vimepangwa kama ukoo. Kipanya kilichochomekwa katika mlango wa USB ni mtoto wa mlango huo, nao mlango ni mtoto wa kidhibiti cha USB. Kwa kawaida mzazi halali mtoto akiwa macho, na mtoto haamshwi kabla ya mzazi wake. Kanuni hiyo ikivunjwa, amri hupelekwa kwa kifaa ambacho njia ya kukifikia imekatwa.

Kuna jambo jingine gumu zaidi. Mgeni anaweza kubisha hodi wakati uleule mhudumu anapofunga mlango. Katika kompyuta hali hiyo hutokea mara nyingi: kifaa kiko nusu ya njia kuelekea usingizini, na ombi jipya linafika. Kerneli hulazimika kulishikilia ombi, kumaliza kukilaza kifaa, kisha kukiamsha tena kwa mpangilio, bila ombi kupotea. Vifaa kama kibodi navyo huweza kuachiwa sikio moja wazi, ili kubonyezwa kwa kitufe kimoja kutoshe kuamsha njia nzima.

Si kila usingizi una faida

Mwendesha bodaboda anayesubiri kivuko cha kwenda Kitunda, ng'ambo ya ghuba ya Lindi, huzima injini yake. Mwendesha bodaboda huyohuyo akisimama kwa sekunde mbili kumpisha mtembea kwa miguu hawezi kuizima, kwa maana kuiwasha upya kila mara ni usumbufu na hasara.

Vifaa vya kompyuta navyo viko hivyo. Kukilaza na kukiamsha kifaa hugharimu umeme na muda. Iwapo kitalala kwa kipindi kifupi kuliko gharama hiyo, ni heri kingeachwa macho. Kwa sababu hiyo draiva nyingi huweka muda wa kungoja: hesabu ikifika sifuri, kerneli husubiri kidogo kuona kama kazi nyingine inakuja. Kwa vifaa vya USB katika Linux, muda huo kwa kawaida ni sekunde mbili.

Kuchagua muda huo ni suala la busara. Ukiwa mfupi mno, mtumiaji huona kifaa kikisitasita kila anapokigusa. Ukiwa mrefu mno, akiba yote hupotea.

Ulikotoka utaratibu huu

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi nchini Finland. Kwa wasomaji wa Tanzania si jina geni kabisa: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulichukua jina lake humo. Leo kerneli ya Linux ndiyo iliyomo ndani ya kila simu ya Android.

Mwanzoni kila draiva ilijitafutia njia yake ya kuokoa umeme. Upande wa USB, Alan Stern wa Marekani alijenga utaratibu wa kulaza vifaa vyenyewe, ulioanza kutumika kwa wengi mnamo mwaka 2007. Mwaka huohuo Intel ilitoa programu ya PowerTOP inayoonyesha ni nani anayekula betri, na ikawaaibisha waandishi wengi wa programu.

Suluhisho la pamoja lilikuja katika toleo la 2.6.32, lililotoka Desemba 2009. Rafael Wysocki, mtaalamu kutoka Poland, ndiye aliyeongoza kuandika utaratibu mmoja wa kuhesabu, kulaza na kuamsha, ambao draiva yoyote ingeweza kuutumia. Tangu hapo kanuni ngumu za mpangilio huandikwa mara moja katika kiini, na mwandishi wa draiva hubaki na kazi anayoijua, yaani kukijua kifaa chake.

Makosa yanayogharimu

Utaratibu wa kuhesabu una udhaifu mmoja: hutegemea uaminifu. Mgeni akiondoka bila kufutwa daftarini, taa ya chumba itawaka usiku kucha. Draiva inayoongeza hesabu na kusahau kuipunguza, hasa katika njia ya programu inayopitiwa tu pale kosa linapotokea, hukiacha kifaa macho daima. Hakuna ujumbe wa hitilafu unaojitokeza. Mwenye mashine huona tu kwamba betri haidumu kama zamani, na mara nyingi hununua betri mpya bila sababu.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Draiva ikipunguza hesabu kupita kiasi, au ikigusa kifaa bila kujiandikisha, kifaa huweza kulala katikati ya kazi. Matokeo yake ni data kupotea, au mashine nzima kuganda hadi izimwe kwa nguvu.

Wakati mwingine draiva haina kosa, bali kifaa chenyewe hakikutengenezwa vizuri. Utaratibu wa USB ulipoanza kutumika iligundulika kwamba vifaa vingi, hasa printa na skana, vililala lakini havikuamka sawasawa. Kutokana na hali hiyo, Linux haivilazi vifaa vingi vya USB hadi iwe na hakika kwamba ni salama au mwenye mashine aruhusu. Ni uamuzi wa kupoteza umeme kidogo ili kazi ya mtu isiharibike.

Mfano wa Rwanda

Afrika Mashariki imewahi kuona kwa macho faida ya fikra hii. Mwaka 2008 Rwanda ilianza mpango wa kuwapatia wanafunzi wa shule za msingi kompyuta ndogo za XO za mradi wa One Laptop per Child, na kwa miaka iliyofuata zaidi ya laki moja ziligawiwa, nyingine katika maeneo yenye umeme haba.

XO ilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya watoto wasio na umeme wa uhakika. Ilikuwa na chipu ya pekee iliyoweza kuendelea kuonyesha ukurasa kwenye kioo wakati kichakato kikuu kimelala. Mtoto alisoma, na mashine ikalala kati ya ukurasa mmoja na mwingine.

Hata hivyo, ubunifu huo ulihitaji draiva zinazoweza kulala na kuamka upesi bila kukosea, na hilo halikuwa jambo rahisi kwa wahandisi wa mradi. Chombo kizuri kikiwa na draiva dhaifu hakiwezi kutoa akiba iliyokusudiwa.

Simu nazo

Katika simu mvutano ulikuwa mkubwa zaidi. Watengenezaji wa Android walichagua njia ya kuilaza simu nzima kila inapowezekana, na kuipa programu haki ya kushika kizuizi kinachosema simu isilale. Wasimamizi wa Linux walibishana nao katika miaka ya 2009 na 2010, wakihofu kwamba programu moja yenye pupa ingeshikilia kizuizi hicho na kumaliza betri. Mwaka 2012, katika toleo la 3.5, mapatano yalifikiwa kwa kuingiza katika kerneli utaratibu unaokaribiana na ule wa Android.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Ilipofika mwaka 2015, toleo la Android 6 lilileta utaratibu uitwao Doze, unaozibana programu wakati simu imelala mezani bila kuguswa.

Mtumiaji afanye nini

Mwenye kompyuta ya Windows ambaye modemu yake ya USB hukata mtandao kila anapopumzika anaweza kufungua orodha ya vifaa iitwayo Device Manager, kuchagua kifaa husika au mlango wake wa USB, na kuondoa alama katika kisanduku kinachoiruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho ili kuokoa umeme. Betri itaisha mapema kidogo, lakini mtandao utatulia.

Anayetumia Linux anaweza kuendesha PowerTOP ili aone ni kifaa kipi hakilali. Anaweza pia kukiruhusu kilale, ila afanye hivyo kwa kifaa kimoja baada ya kingine na kukijaribu kila mara, ili kikileta matatizo ajue ni kipi.

Kwa wote, kuchomoa kifaa cha USB kisichotumika, kuzima redio ya Bluetooth isiyo na kazi na kupokea masahihisho ya mfumo endeshi ni hatua zenye maana. Masahihisho hayo mara nyingi huwa na draiva zilizorekebishwa. Betri inayoanza kuisha ghafla haraka baada ya kuweka programu mpya haina budi kuchunguzwa upande wa programu hiyo kwanza, kabla mwenyewe hajaingia mfukoni kununua betri nyingine.